Tangawizi na maji yake: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ninauza viungo sokoni Tanga. Swali la bei hujibiwa hapo hapo. Haya mengine huchukua muda, na walio nyuma kwenye foleni huanza kunung'unika. Nimeyaandika ili mteja akiuliza nimwambie akasome. Kumbuka kwamba tangawizi ndiyo inayonilisha, kwa hiyo pale ninaposema haifanyi kazi, sisemi kwa faida yangu.

## Mambo ya mwanzo

1. Tangawizi ni mzizi?

Hapana, ingawa wengi huiita hivyo. Ni tunguu, yaani shina linalotambaa chini ya udongo, likitoa vichipukizi kwa juu na mizizi ya kweli kwa chini. Ndiyo maana ukiisahau jikoni wiki mbili tatu unakuta imechomoza jicho la kijani. Muhogo, ambao ni mzizi kweli, hauwezi kufanya hivyo, utaoza tu. Jina lake la kitaalamu ni *Zingiber officinale*, na ndugu zake wa karibu unao kabatini tayari: manjano na iliki.

2. Imetoka wapi, na kwetu inalimwa wapi?

Asili yake ni Asia ya kusini mashariki, na imelimwa muda mrefu mno hata haijulikani tena ikiota mwituni. Huku kwetu ilifika kwa njia ya Bahari ya Hindi, kama viungo vingine vingi. Waislamu wanalijua jina lake la Kiarabu, zanjabil, kwa sababu limo ndani ya Qur'ani, Surat al-Insan aya ya 17, panapotajwa kinywaji cha watu wa peponi. Jina letu nalo limesafiri kwenda bara: Waganda wanasema ntangawuuzi, na Kinshasa juisi yake inaitwa tangawisi.

Tanzania hulimwa sana Milima ya Upare, wilaya ya Same, hasa Mamba Miamba. Iko pia Buhigwe mkoani Kigoma na Madaba mkoani Ruvuma. Hukaa ardhini miezi 8 hadi 10 kabla ya kukomaa. Ikivunwa mapema huwa laini, ngozi nyembamba, haina nyuzi wala haiwashi sana. Hiyo ni nzuri kwa achari. Kwa dawa chukua iliyokomaa.

3. "Dondoo la tangawizi" kwenye lebo maana yake nini?

Ni chochote kilichotolewa ndani ya tunguu kikaacha makapi nyuma. Shida ni kwamba njia za kukitoa ni nyingi na kila njia hutoa kitu tofauti, halafu vyote vinaitwa jina moja.

Ukiikwaruza na kuikamua kwa kitambaa unapata maji yake: meupe yenye unjano, makali, na ukiyaacha yatulie huweka wanga chini ya glasi. Ukiichemsha unapata chai. Maji, hata ya moto, hayatoi ukali wote, kwa sababu vile vinavyowasha havipendi sana maji. Vinapenda spiriti na mafuta. Kwa hiyo viwandani huloweka tangawizi kavu kwenye spiriti, kisha spiriti huondolewa na kubaki utomvu mzito wa kahawia. Tone lake moja kwenye ulimi utalikumbuka hadi jioni. Huo ndio unaokaushwa na kutiwa kwenye vidonge vingi vyenye neno "dondoo".

Kuna njia nyingine ya kupitisha mvuke, inayotoa mafuta ya kunukia. Haya hunuka tangawizi hasa lakini hayawashi, maana vitu vikali ni vizito na havipandi na mvuke. Likumbuke hili, tutalihitaji kwenye swali la 11.

Basi ukiona chupa imeandikwa "dondoo" tu, bila kusema limetolewa vipi na lina uzito gani, hujaambiwa kitu.

4. Mbichi na kavu, ipi kali zaidi?

Kavu, na sababu si maji kupungua peke yake. Ukali wa tangawizi mbichi unatokana hasa na jinjeroli. Ikikaushwa au kupata joto, sehemu ya jinjeroli hugeuka shogaoli, ambayo huwasha zaidi. (Jina hilo limetokana na neno la Kijapani la tangawizi. Halimhusu shoga yako wa jirani.) Ukiipika kwenye mchuzi, sehemu nyingine hugeuka zinjeroni, iliyo pole na yenye utamu kidogo, ndiyo maana tangawizi ya pilau haikuchomi kama ya chai.

Wachina waliliona hili zamani kabla ya maabara yoyote. Kwenye tiba yao mbichi na kavu ni dawa mbili zenye majina mawili. Mbichi humpa aliyeanza mafua na anayetapika, kavu humpa mwenye tumbo "baridi".

## Matumizi ya wazee

5. Wazee wetu wa Pwani waliitumia kwa nini hasa?

Kwa tumbo kwanza, kwa baridi pili, na kwa maumivu ya mwili tatu. Mtu aliyekula akavimbiwa alitafunishwa kipande na chumvi kidogo, au alipewa maji yake na ndimu. Aliyepigwa na mvua alipewa chai ya tangawizi na pilipili manga, akajifunika shuka mpaka jasho limtoke. Aliyeumwa kiuno alichuliwa kwa tangawizi iliyopondwa ikatiwa kwenye mafuta ya nazi au ya ufuta yaliyopashwa moto. Bibi yangu alikuwa akiibandika kwenye kipaji cha uso kwa kichwa kinachouma. Siwezi kukuambia kama ilikuwa inaondoa maumivu au ilikuwa inakupa jambo jingine la kulalamikia, kwa jinsi ilivyowasha.

Mengine hata hatuyaiti dawa tena. Kahawa ya jioni barazani yenye tangawizi, juisi ya muwa wa Forodhani inayokamuliwa pamoja na kipande cha tangawizi na ndimu, pilau inayoanza kwa thomu na tangawizi zilizotwangwa: mzee atakwambia huo ni mlo, halafu palepale aongeze kuwa "inasaidia chakula kushuka". Kwenye hilo la mwisho wataalamu wamemuunga mkono, tazama swali la 8.

6. Kwa nini mama aliyejifungua hupewa uji wenye pilipili manga na tangawizi?

Wazee huona mzazi amepoteza damu na joto, basi hurudishiwa joto. Wanasema humsafisha, humletea maziwa na humpa hamu ya kula. Uji wenyewe una faida isiyobishaniwa: ni maji, ni wanga, na anayeuletewa kitandani amepewa nafasi ya kukaa akapumzika. Kuhusu maziwa, ushahidi juu ya tangawizi peke yake ni mwembamba. Kiasi cha kwenye uji hakina ubaya kwa mama wala kwa mtoto anayenyonya.

Ila likitokea jambo moja usimpikie uji: damu ikizidi kutoka, au homa ikipanda siku za mwanzo baada ya kujifungua. Huyo ni wa hospitali, saa hiyo hiyo.

## Je, inafanya kazi kweli?

7. Roho hunichafuka kwenye boti ya kwenda Unguja. Tangawizi itanisaidia?

Swali hili ndilo ninalolijibu kwa moyo mweupe kuliko yote. Ndiyo, kuna uwezekano mzuri.

Mwaka 1988 watafiti wa Denmark waliwapa wanafunzi 80 wa jeshi la majini, wasiozoea bahari, ama gramu 1 ya unga wa tangawizi ama kidonge kisicho na dawa, wakiwa kwenye bahari iliyochafuka. Waliokula tangawizi hawakutapika sana kama wenzao, na jasho jembamba liliwapungua. Kichefuchefu chenyewe na kizunguzungu vilipungua pia, lakini si kwa tofauti ya kuaminika. Maana yake huenda bado ukajisikia vibaya, ila chakula kikabaki tumboni. Kwa mtu aliyekaa katikati ya benchi la boti, hiyo ni neema kubwa. Shirika la dawa la Umoja wa Ulaya nalo linautambua unga wa tangawizi kwa kazi hii: gramu 1 hadi 2 kwa mtu mzima, saa moja kabla ya safari.

Hiyo saa moja ndiyo watu wengi wanaikosea. Wananunua pipi ya tangawizi boti ikiwa imeshapita Chumbe, wameshabadilika rangi, halafu wanasema tangawizi haisaidii. Ule ukiwa bado nyumbani, na usipande na tumbo tupu.

Tofauti na vidonge vingi vya safari, tangawizi haileti usingizi. Inaaminika kufanya kazi zaidi kwenye tumbo na utumbo kuliko kwenye ubongo.

8. Na tumbo kujaa gesi, au chakula kukaa kama jiwe?

Hapa pia ina kazi. Vipimo vimeonyesha kwamba gramu 1.2 ya tangawizi hufanya tumbo limwage chakula kuelekea utumboni upesi zaidi. Yule mzee wa swali la 5 hakukosea. Inywe nusu saa hivi kabla ya kula au mara baada ya kula, vuguvugu, bila sukari nyingi.

Kama gesi inakuja na kupungua uzito, choo cheusi, au kutapika damu, acha tangawizi, nenda ukapimwe. Na kama unachokiita gesi ni kiungulia, ruka hadi swali la 19 kabla hujachemsha chochote.

9. Chango la hedhi?

Ndiyo, kwa wengi. Katika utafiti mmoja wa Iran uliochapishwa mwaka 2009, wanafunzi wa kike 150 waligawanywa makundi matatu. Kundi la tangawizi lilichukua miligramu 250 mara nne kwa siku, siku tatu za mwanzo wa hedhi, na nafuu yao ilikaribiana na ya waliopewa ibuprofeni. Tafiti nyingine zimeelekea huko huko. Siri ni kuanza siku ile ile ya kwanza, si kungoja mpaka umejikunja kitandani.

Maumivu yanayokuzuia kazi au shule kila mwezi, au yanayozidi mwaka hadi mwaka, si chango la kuvumilia. Yanaweza kuwa na jina na tiba yake.

10. Magoti ya mzee wangu?

Nafuu ndogo, kwa baadhi. Dondoo la tangawizi limejaribiwa kwa wenye magoti yaliyosagika na likashinda kidonge kitupu, lakini si kwa mbali, na baadhi ya waliolitumia waliacha kwa sababu ya tumbo kuwaka. Kuchuliwa kwa mafuta ya tangawizi humpa joto na mkono wa mtu anayemjali, sitamzuia. Ila asiache mazoezi ya kutembea akidhani chupa itamtembelea.

11. Mafua, kikohozi, na ule mvuke wa nyungu?

Chai ya tangawizi na asali hulainisha koo, hufungua pua na hukufanya unywe maji. Hiyo ni nafuu ya kweli. Haifupishi mafua kwa namna iliyothibitishwa, na haiui kirusi ndani ya mwili wako, hata kama kwenye chombo cha maabara jinjeroli huonekana hodari. Kwenye chombo cha maabara hata siki ni hodari.

Mwaka 2020, wakati wa korona, nyungu zilivuma nchini kote, na mimi na wenzangu tuliuza tangawizi na malimao kuliko sikukuu yoyote. Sasa rudi kwenye swali la 3: mvuke hupandisha harufu tu, ile sehemu kali inayosifiwa hubaki chini kwenye sufuria. Ulichovuta kilikuwa maji ya moto yenye manukato. Yanafungua pua, sawa. Lakini yameunguza watu pia, hasa watoto waliofunikwa blanketi na sufuria iliyotoka jikoni sasa hivi. Mtoto usimfukize.

12. Sukari, presha, kitambi?

Haya matatu huulizwa kwa pamoja, mara nyingi na mtu mmoja.

Kwa sukari, tafiti kadhaa ndogo za wenye kisukari cha aina ya pili zimeonyesha kushuka kidogo, nyingine hazikuonyesha. Hakuna aliyeacha dawa akapona kwa tangawizi, na wapo wanaoacha dawa wakaishia wodini. Kwa presha, kadhalika. Kwa kitambi, mabadiliko yaliyopimwa ni madogo mno hata suruali haitajua. Na kama chai yako ya tangawizi ina vijiko vitatu vya sukari, tumeongea bure.

13. Nguvu za kiume?

Wanaouliza hili hunong'ona, kwa hiyo nami nitajibu kwa ufupi. Sifa hiyo ipo kuanzia Kongo hadi Uarabuni. Majaribio yanayonukuliwa kwenye matangazo yamefanywa zaidi kwa panya, na panya hana mkopo wala msongo wa mawazo. Tangawizi huchangamsha mwili kwa joto lake, mtu akajihisi yuko tayari. Tatizo linalodumu mara nyingi ni dalili ya kisukari, presha au moyo, na kulificha kwa juisi ni kuchelewesha.

14. Si ina vitamini C nyingi?

Hapana. Gramu 100 za tangawizi mbichi, ambazo huwezi kuzila, zina miligramu 5 hivi. Pera moja tu linaishinda mara nyingi mno. Ndimu unayoikamulia ndani ya chai ndiyo yenye vitamini C.

15. Inatibu saratani?

Haitibu. Inachoweza kufanya ni kumpunguzia kichefuchefu mgonjwa anayepata dawa za saratani. Katika utafiti wa Marekani wa mwaka 2012 wenye wagonjwa 576, nusu gramu hadi gramu moja kwa siku, juu ya dawa za kawaida za kuzuia kutapika, ilipunguza kichefuchefu cha siku ya kwanza. Vipimo hivyo vidogo vilifanya vizuri kuliko kikubwa cha gramu moja na nusu. Daktari wake aambiwe kwanza, kwa sababu za swali la 20.

## Kipimo na matengenezo

16. Ninywe kiasi gani?

Kwa mtu mzima asiye mjamzito, gramu 1 hadi 3 za unga kwa siku zinatosha karibu kwa kila jambo lililotajwa hapa, na 4 ndiyo mpaka. Kijiko cha chai cha unga, kilichosawazishwa, kina gramu 2 hivi. Tangawizi mbichi ni maji kwa asilimia 80 hivi, kwa hiyo gramu 1 ya unga ni sawa na gramu 5 za mbichi: kijiko cha chai cha iliyokwaruzwa.

Mteja mmoja aliniambia anakunywa nusu kilo kwa wiki "ili isafishe". Piga hesabu: ni zaidi ya gramu 70 kwa siku, kama gramu 14 za unga. Kilichokuwa kinasafishwa ni mfuko wake. Tumbo nalo lilikuwa likiwaka kila usiku, na alikuja kuniuliza dawa ya hilo pia.

17. Nitengenezeje maji ya tangawizi nyumbani?

Osha vizuri, sugua kwa brashi machoni ambako udongo hujificha. Si lazima umenye kama ngozi ni safi. Kwaruza au twanga kwenye kinu kisichonuka thomu, tia kwenye kitambaa safi, kamua. Gramu 100 zikikamuliwa kwa mkono wenye nguvu hutoa karibu robo kikombe. Kijiko kimoja au viwili vya chai vya maji hayo kwenye glasi ya maji ni kinywaji cha mtu mmoja.

Makapi usitupe, ukali mwingi bado umo. Yachemshe dakika 10 sufuria ikiwa imefunikwa, hiyo ndiyo chai yako ya pili. Blenda ni rahisi zaidi, ila ukiongeza maji mengi unapata kitu kizuri kwa sherehe na dhaifu kwa dawa.

18. Vitakaa muda gani?

Maji yaliyokamuliwa: siku mbili tatu kwenye friji, au yagandishe kwenye trei ya barafu, utumie kipande kimoja kimoja. Tunguu zima: mahali pakavu penye hewa, si kwenye mfuko wa plastiki uliofungwa. Kipande kilichonyauka bado ni kizuri. Kilichoota ukungu tupa chote, usikate sehemu mbaya ukala iliyobaki. Unga kwenye chupa iliyofungwa hupoteza nguvu polepole. Ukiunusa na usipate kitu, hata mwili hautapata.

## Nani awe mwangalifu

19. Nina vidonda vya tumbo au kiungulia. Nitumie?

Watu wawili wenye ugonjwa mmoja watakupa majibu mawili. Kwa baadhi hutuliza, kwa wengi wenye kiungulia huchochea, hasa kavu na hasa tumbo likiwa tupu. Vidonda vya tumbo mara nyingi husababishwa na bakteria au dawa za maumivu, na vina tiba hospitalini. Jaribu kidogo baada ya chakula. Ikikuwakia, si kwamba "inapambana na ugonjwa". Inakuchoma. Acha. Mwenye mawe kwenye kifuko cha nyongo asinywe kwa kipimo cha dawa bila kumwona daktari.

20. Natumia dawa za hospitali. Zitagombana?

Kwenye chakula, hapana. Kwa dondoo na vidonge, haya ndiyo ya kuangalia.

Tangawizi kwa wingi huweza kupunguza kuganda kwa damu. Mwenye kutumia warfarin au dawa nyingine ya kuyeyusha damu, na anayekunywa aspirini kila siku, asianze vidonge vya tangawizi kimyakimya. Anayetarajia upasuaji aache wiki moja au mbili kabla, na amwambie daktari wa usingizi. Anayetumia dawa za kisukari apime sukari mara nyingi zaidi siku za mwanzo.

Kwa wanaotumia ARV huwa nauliza swali moja: ni tangawizi tupu, au ule mchanganyiko wa chupa wenye thomu? Thomu iliyokolezwa kwenye vidonge ilionekana mwaka 2002 kushusha karibu nusu ya kiwango cha saquinavir kwenye damu, dawa ya zamani ya kundi hilo. Kwa hiyo mchanganyiko wa kila siku uonyeshe kliniki. Chai ya tangawizi endelea nayo.

21. Ni mjamzito na ninatapika kila asubuhi. Nasikia tangawizi hutoa mimba.

Hofu hiyo ni ya zamani na ninaiheshimu, lakini kwa kipimo cha kawaida haina ushahidi. Norway walifuatilia wanawake zaidi ya 68,000 wajawazito. 1,020 kati yao walisema walitumia tangawizi, na watoto wao hawakuonekana kuwa na kasoro za kuzaliwa kuliko wengine. Miligramu 250 mara nne kwa siku, jumla gramu 1, ndicho kipimo kilichojaribiwa zaidi kwa kichefuchefu cha mimba, na wakunga wengi sasa hukikubali. Kipande kidogo cha kutafuna kabla hujainuka kitandani, pamoja na biskuti kavu, huwasaidia wengi kuliko kikombe kikubwa.

Usizidishe, na usitumie vidonge vya dondoo kwa kukisia. Karibu na kujifungua, au ikiwa mimba zilitangulia kuharibika au unaona damu, mwulize mkunga kwanza. Na ukifika pa kushindwa kuweka hata maji tumboni siku nzima, mkojo ukawa mweusi kama chai, hicho si kichefuchefu cha asubuhi tena. Unahitaji dripu.

22. Mtoto je?

Tangawizi ya kwenye chakula cha nyumbani, sawa, kadiri anavyokubali. Kama dawa, usimpe aliye chini ya miaka 6 bila ushauri. Na hapa kuna hatari isiyo ya tangawizi yenyewe: asali. Mtoto hajatimiza mwaka, usimwekee asali hata tone. Inaweza kubeba vijidudu vinavyolegeza misuli yake hadi ashindwe kupumua. Mtoto mchanga anayelia kwa tumbo hahitaji tangawizi wala maji yoyote zaidi ya ziwa.

23. Ninaweza kupaka kwenye ngozi au kichwani ili nywele ziote?

Kuchua misuli, ndiyo, ikiwa imechanganywa na mafuta na umejaribu kwanza sehemu ndogo ya mkono. Kwa nywele, joto unalolisikia kichwani ni muwasho, halina ahadi ya nywele. Usipake penye kidonda, usoni, wala sehemu za siri. Hili la mwisho nisingeliandika kama lisingeulizwa.

24. Chupa za "tangawizi original" zinazouzwa kwenye basi ni salama?

Sijui kilichomo, na hilo ndilo jibu. Tangawizi ni ya bei nafuu, kwa hiyo wengi hudhani hakuna sababu ya kuichakachua. Sikiliza kisa cha Marekani.

Mwaka 1930, pombe ikiwa imepigwa marufuku, watu walikuwa wakinunua madukani dawa ya tumbo iliyoitwa Jamaica ginger, dondoo la tangawizi kwenye spiriti kali, wakalinywa kwa ajili ya hiyo spiriti. Serikali ilitaka liwe na tangawizi nyingi ya kutosha ili lisinyweke. Watengenezaji wa Boston wakatafuta kitu cha kudanganya vipimo bila kuharibu ladha, wakatia kemikali ya viwandani iliyokuwa ikilainisha plastiki. Maelfu ya watu walipooza miguu. Wengi wakatembea kwa kukokota nyayo maisha yao yote.  Tangawizi haikuhusika.

Kwa hiyo tazama namba ya usajili, jina la mtengenezaji, viambato na tarehe. Chupa ya maji ya kunywa iliyotumiwa tena, yenye karatasi iliyobandikwa kwa gundi na orodha ya magonjwa 40, mrudishie mwenyewe. Kipande cha tangawizi unachokiona kwa macho, kinachonuka ukikivunja, ni kigumu zaidi kukudanganya. Kinauzwa meza yoyote sokoni, si lazima yangu.

25. Na soda ya tangawizi?

Ni soda.